PS2 slim na PES 13 tu: mkusanyiko wa gemu wenye mwanzo na mwisho

Habari zenu wadau. Hii ni rivyuu ya PS2 slim, yaani PlayStation 2 nyembamba ya Sony, ile ya mwisho mwisho yenye namba SCPH-90000, ila siiangalii kama mashine ya kuchezea tu, naiangalia kama msingi wa mkusanyiko, yaani mtu anataka kuanza kununua gemu orijino azipange kabatini kwake, je hii mashine inamfaa na je anunue gemu zipi. Jibu langu ni inafaa sana, tena sana, ila kwa sharti moja, uchague mstari mmoja wa gemu ushikilie hapo hapo. Mimi mstari wangu ni PES, Pro Evolution Soccer za PS2 peke yake, na naona ndio mstari bora kabisa kwa mtu wa huku kwetu anayependa mpira.

Nianze na hili la mstari maana ndipo watu wanapopotea pesa. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, Ulaya ikafika Novemba mwaka huo huo, Sony wakauza zaidi ya milioni 155 dunia nzima, na gemu zake ziko zaidi ya 3,000. Sasa mtu akikwambia anakusanya "gemu za PS2" muulize zipi, maana huwezi kuzimaliza, na kila duka utakaloingia utakuta kitu cha kukuvuta, leo gari, kesho ngumi, keshokutwa gemu la Kijapani ambalo hata maandishi yake husomi, mwisho una kabati limejaa na nusu yake hujawahi kuiweka kwenye mashine hata mara moja. Nimeona makabati ya hivyo na wenyewe hawana raha nayo, kila wakiliangalia wanaona vinavyokosekana tu.

Kwa iyo swali la kwanza ni gemu gani ukiwekewa saivi unashika pedi bila kufikiria. Sio gemu ambayo watu wa nje wanaisifia, wala ile ambayo bei yake imepanda, ni ile ambayo vidole vyako vinaijua. Kwa watu wengi wa rika langu, uwe umekulia Dar, Mombasa, Nairobi au Bujumbura, jibu linatoka kwenye kibanda cha gemu, benchi la mbao, TV ya chogo, unalipia mechi na anayefungwa anapisha. Na pale kwenye kibanda gemu ilikuwa mpira, na mpira kwa muda mrefu ulimaanisha PES, wengine tukiita Winning. FIFA ilikuwepo na ina watu wake nawaheshimu, ila mkono wangu uko kwenye PES, L1 na pembetatu mpira unapaa juu ya mabeki, L1 na mraba unambinua kipa, hivyo vitu havitoki mwilini.

Swali la pili ambalo watu hawajiulizi kabisa, je huo mstari una mwisho? Hapa ndipo PES ya PS2 inapoziacha nyingine mbali. Ya kwanza ilitoka 2001. Ya mwisho ni PES 2014 iliyotoka Novemba 2013, na angalia hapo, Sony walishaacha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa mwaka huo huo lakini Konami, watengenezaji wa PES, bado walikuwa wanaitolea mpira. Kuanzia ya kwanza mpaka PES 6 ni sita, alafu wakaanza kutumia miaka, 2008 mpaka 2014 ni saba. Jumla 13. Haitaongezeka hata moja. Unajua kabisa unaelekea wapi, unajua umebakiza ngapi, na zote zinakaa kwenye rafu moja ya kabati la kawaida.

Mipaka lazima uiweke mwenyewe kabla hujatoa hela, maana utakutana na vitu vya pembeni vingi. Kuna ISS, International Superstar Soccer, nayo ya Konami na iko PS2, ila ile ilitengenezwa na tawi la Osaka na PES ni ya tawi la Tokyo chini ya Shingo Takatsuka, yule wanayemwita Seabass, ni gemu mbili tofauti kabisa hata uchezaji wake, mimi ISS nimeiacha nje. Kuna Winning Eleven za Japani, hizo ni ndugu wa damu, Winning Eleven 5 ndio PES ya kwanza, 6 ndio PES 2, unaendelea hivyo mpaka 10 ambayo ndio PES 6. Zinavutia, makava yake mazuri mno, ila mashine ya Ulaya haizisomi mpaka iwe imechipwa, yaani imewekewa chipu ya kusoma gemu za nchi nyingine, kwa iyo nazo nje. Kuna PES Management ya 2006, ya kuwa kocha tu bila kucheza, nje. Mtu mwingine anaweza kuweka mipaka tofauti na yangu, mfano akasema yeye anataka Winning Eleven za Japani tu na mashine ya Japani, huo pia ni mstari safi kabisa, muhimu uwe umeuchora.

Na jambo la tatu ni hela. Gemu za michezo za kila mwaka ndizo rahisi kuliko zote kwenye soko la mitumba, kwa sababu ikitoka mpya ya zamani inatupwa. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanagombania gemu za kutisha na za safari ndefu, hizo bei zake hazishikiki, wakati PES 5 imelala kwenye kapu la vitu vya bei ya chini. Ukiwa na ndugu Uingereza mwambie apite kwenye maduka ya mitumba ya misaada au yale yanayonunua na kuuza gemu zilizotumika, mara nyingi akirudi likizo anaweza kukuletea tatu nne kwenye begi na asihisi uzito. Huku nyumbani zinapatikana pia, Kariakoo ya Dar na Luthuli ya Nairobi kuna watu wanauza mashine na CD za zamani, ila orijino ni chache, nyingi ni nakala za kuchoma.

Sasa mashine yenyewe. SCPH-90000 ilianza kutoka Japani mwishoni mwa 2007, na kizuri chake kikubwa ni kwamba transfoma iko ndani. Slim za kabla yake, kuanzia 70000 mpaka 79000, zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5, na hizo adapta ndizo zinazopotea, zinakatika waya, zinabadilishwa na feki. Hii unachomeka waya mmoja ukutani basi. Nyembamba, nyepesi, haipigi kelele, ukiifunika na kitambaa juu ya kabati hakuna anayejua ipo. Mlango wa CD unafunguka kwa juu, hakuna trei ya kutoka na kuingia kama ile PS2 nene ya mwanzo, na kwa mtu anayekusanya hiyo ni raha kwa sababu trei ndio ilikuwa inakwama sana kwenye zile nene za mwanzo, ukisikia inasukuma sukuma ujue kazi imeanza.

Kasoro zipo. Lenzi iko wazi kila ukifungua mlango, vumbi la kwetu hili linaingia moja kwa moja, kwa iyo mlango usiache wazi hata dakika. Sehemu ya diski kuu (hard disk) iliyokuwepo kwenye ile nene hapa hamna, ila kwa mtu wa CD orijino hilo halikuhusu. Na ukitaka kucheza watu wengi, PES inaruhusu mpaka watu nane, multitap, kile kifaa cha kuunganisha pedi nyingi, ya ile nene haiingii kwenye slim, tafuta ile iliyotengenezwa kwa ajili ya slim, na sio rahisi kuipata.

Onyo moja kuhusu slim za 70000, zile za kwanza kabisa 2004. Ule utepe mwembamba unaopeleka umeme kwenye lenzi una tabia ya kunyanyuka na kugusa CD inavyozunguka, unachora duara kwenye CD yako. Kwa mtu anayechezea CD za kuchoma si kitu, kwa mtu aliyehangaika kupata PES 3 orijino ni msiba. Kama unayo hiyo usiitupe, mpe fundi anayejua aubane ule utepe vizuri, ila kama ndio unanunua sasa ruka, chukua 77000 kwenda juu na ukiweza 90000.

Namba ya nyuma ya mashine isome mpaka mwisho. Tarakimu ya mwisho ndiyo inakwambia imetoka wapi, 90004 ni ya Ulaya, 90003 ya Uingereza, 90001 ya Marekani, 90000 ya Japani. Kwa hizi PES unataka inayoishia na 3 au 4. Kwenye mitumba kunakuwa na mashine za Japani nyingi, na zile nene za mwanzo za Japani ni za umeme wa volti 100, huku kwetu ni 230, Kenya 240, mtu anachomeka moja kwa moja anasikia harufu. Muuzaji anaweza asikwambie, kwa sababu hata yeye pengine hajasoma.

TV. Hapa mimi nina msimamo, TV ya chogo kama bado ipo nyumbani au kwa mzee usikubali itupwe. PS2 inatoa picha kwa zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu, kwenye chogo picha inakaa vizuri, rangi zimetulia, na pedi ukibonyeza mchezaji anaitika hapo hapo. Kwenye flati ya kisasa picha inakuwa na ukungu, alafu zile adapta za bei ndogo za kubadilisha kwenda HDMI nyingi zinachelewesha, ukipiga shuti unaona goli baada ya muda kidogo, na PES ni gemu ya kuwahi, ukichelewa nusu sekunde beki ameshapita. Kama huna chogo tafuta waya za component, zile za picha tatu na sauti mbili, na TV yenye matundu yake. Picha inapanda daraja kabisa.

Haya tuje kwenye gemu zenyewe, na hapa sitazipitia zote 13 maana nyingine hazina la kusema.

PES 3 ya 2003 ina Pierluigi Collina kwenye kava, refa. Refa! Hakuna gemu nyingine ya mpira ninayoijua iliyothubutu kuweka refa peke yake mbele, na ukiliona kava hilo kwenye rafu, kipara na macho yale, linatosha kuwa sababu ya kulinunua. Uchezaji mzito kidogo, mpira una uzito, ila majina mengi ni ya kubuni. PES 4 Collina bado yupo, sasa amekaa na Henry na Totti, na humo ndimo refa akaanza kuonekana uwanjani anakimbia na wachezaji, na ligi za Italia, Hispania na Uholanzi zikaja na majina halisi. Kama unaanza na hela ya gemu mbili tu moja iwe PES 4.

PES 5, Henry na jezi ya Arsenal, John Terry na Chelsea. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Refa anapuliza kila ukigusa mtu, mabeki wanajipanga, goli la PES 5 unalifanyia kazi kweli kweli, pasi kumi na tano mpaka unapata nafasi. Watu wa kibandani wengi hawakuipenda kwa sababu mechi za sifuri sifuri zilikuwa nyingi na mwenye kibanda anataka mtu apishe. Mimi naiweka juu kabisa. Ukicheza na mtu anayeijua vizuri mnakaa kimya dakika kumi nzima, hakuna anayeongea.

Alafu PES 6, Oktoba 2006. Hapa kila mtu ana hadithi yake na Adriano wa Inter, nguvu ya shuti 99, ukimpa mpira nje ya boksi mguu wa kushoto unaanza kusherehekea kabla haujafika. Ronaldinho yuko Barcelona, Messi mtoto yuko naye, Cristiano yuko Manchester United. Arsenal na Manchester United zina majina yao, Liverpool inaitwa Merseyside Red, na Ujerumani wachezaji wake hawana majina halisi. Toleo la Xbox 360 la mwaka ule lilikuja na sehemu ya kuediti iliyopunguzwa sana, la PS2 lina kila kitu. Kama ni gemu moja tu mtu atabaki nayo maisha yake yote, wengi watakwambia hii, na siwezi kubishana nao sana ingawa moyo wangu uko kwa PES 5.

Kuanzia 2008 hadithi inabadilika na ndio maana ni muhimu kuzikusanya za PS2 na sio za PS3. PES 2008 ya PS3 ilikuwa inakwama kwama, wakati ya PS2 iliendelea na mwili ule ule wa PES 6 ikaenda laini. Kuanzia 2009 leseni ya Ligi ya Mabingwa ikaingia kwenye PES, Messi yuko kwenye kava. 2010 na 2012 zipo zipo tu, nitaziweka kwa ajili ya kukamilisha. PES 2011 mimi naithamini kwa sababu ya msimu wake, ni baada ya Mkenya McDonald Mariga kuhamia Inter mwanzoni mwa 2010 na timu ile kubeba Ligi ya Mabingwa Mei mwaka huo, kwa mtu wa Afrika Mashariki hicho ni kipindi cha kukiweka kabatini. Na 2014, ya mwisho kabisa, hiyo ukiiona orijino imefungwa vizuri na kitabu chake ndani usiiwekee kesho, ilitoka wakati watu wengi wameshahamia mashine nyingine.

Kitu kimoja kinachofanya mkusanyiko huu uwe wetu ni sehemu ya kuediti. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo, kuna Cameroon, Nigeria, Ghana, Ivory Coast. Ila unaweza kubadili majina, jezi, nembo, nywele, urefu, kasi ya mchezaji. Watu wamejenga Taifa Stars na Harambee Stars humo, Simba na Yanga, Gor na Ingwe za Kenya, nembo imechorwa nukta kwa nukta na pedi. Mtanzania Samatta alipokwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016 PS2 ilishafungwa kitambo, lakini kwenye PES 6 ya mtu fulani yupo, ameundwa na kasi yake na jezi yake. Hivyo vitu vyote vinakaa kwenye memori kadi ya MB 8 tu. Kwa iyo kwa mkusanyaji memori kadi sio kifaa cha ziada, ni sehemu ya mkusanyiko. Nunua orijino, ya Sony, uweke mbili, moja ya kuchezea na nyingine nakala, uiandike juu kwa kalamu ni ya gemu gani. Na ukinunua memori kadi ya mtumba fungua uangalie ndani kabla hujafuta, unaweza kukuta ligi nzima ya mtaa wa watu.

Kuhusu kutambua orijino. PES za Ulaya zina namba inayoanza na SLES, iko kwenye CD yenyewe na kwenye mgongo wa kava, zifanane. Geuza CD, ile pete ya katikati lazima iwe na maandishi madogo yaliyochongwa, yakiwemo ya IFPI. Chini iwe fedha, au bluu kama ni CD na sio DVD, ikiwa na rangi ya zambarau zambarau hiyo imechomwa hata kama kava limeprintiwa vizuri. Kitabu kiwemo ndani, makava mengi huku yanauzwa bila kitabu na bei inabaki ile ile, hapo bisha.

Nani asinunue hii? Mtu anayetaka kucheza mtandaoni na vikosi vya msimu huu, haimfai kabisa. Mtu anayenunua ili auze kesho kwa faida pia haimfai, PES haipandi bei hivyo. Lakini mtu anayetaka kitu kamili, anachoweza kukikamilisha kwa mshahara wa kawaida, akakaa na mdogo wake au mtoto wake Jumapili wakacheza kila kilichopo kwenye rafu, sijaona mstari unaoupita huu.

Ukienda kununua mashine beba gemu yako moja orijino na memori kadi yako. Iache icheze mechi nzima pale pale dukani, usikubali kuoneshwa ile skrini ya mwanzo tu, maana lenzi iliyochoka inawaka vizuri na inaanza kukwama kipindi cha pili. Sevu, zima, washa tena, angalia kama sevu ipo. Jaribu matundu yote mawili ya pedi. Muuzaji akikataa ujaribu, ondoka, PS2 ziko nyingi.